Kisima cha gesi ni miezi, daftari la mionzi ni miaka 30

Na Mwandishi Wetu, Zanzibar

MFANYABIASHARA anayepitisha shehena ya chakula katika Bandari ya Malindi analijua vyema jina la Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, TAEC. Kwake yeye Tume hiyo ni cheti. Sampuli huchukuliwa, hupimwa mionzi, ada hulipwa na karatasi hutoka. Mazungumzo ya mionzi huanzia hapo na kwa wengi humalizikia hapo hapo.

Hata hivyo TAEC, yenye ofisi pia hapa Zanzibar, ina kazi nyingine isiyofika dukani. Kazi hiyo ni kuhesabu mionzi inayoingia katika miili ya watu kwa sababu ya kazi zao: mtaalamu wa eksirei hospitalini, fundi wa kupiga picha viungio vya mabomba, mjenzi wa barabara mwenye kifaa cha kupimia ugumu wa ardhi. Kila mmoja wao huvaa beji ndogo kifuani, na baada ya muda maalumu, aghalabu mwezi mmoja hadi mitatu, beji hurudishwa maabara kusomwa.

Kwa miaka mingi hesabu hiyo katika Unguja imekuwa zaidi ya hospitali, Mnazi Mmoja ikiwa ya mbele. Mionzi ya eksirei inajulikana na beji zake zinajulikana. Lakini Zanzibar imefungua mlango wa biashara ya mafuta na gesi, na biashara hiyo huja na mionzi ya aina nyingine, ambayo beji ya kawaida ya hospitali haikutengenezwa kuipima. Mionzi hiyo ni nyutroni.

Ukurasa huu umeonelea jambo hili liwafikie mapema wafanyabiashara na wawekezaji wadogo, kwa kuwa wao ndio watakaokodisha maghala, magari na vyombo vya majini, na vijana wao ndio watakaoajiriwa kuwa wasaidizi. Suala la nani atalipia beji na nani atatunza hesabu yake ni suala la mkataba. Mkataba ukishatiwa saini, kulirekebisha ni ghali.

HALI YA SOKO LA GESI

Habari za mafuta si ngeni visiwani. Kampuni za BP na Shell zilipewa leseni za utafutaji katika mwambao wa Afrika Mashariki kuanzia 1952, na kabla ya 1964 zilikuwa zimechimba visima vya majaribio Mafia, Unguja na Pemba. Havikuleta biashara, na jambo hilo likalala kwa muda mrefu.

Upande wa Bara gesi iligunduliwa Songosongo mwaka 1974 na Mnazi Bay, Mtwara, mwaka 1982. Ya Songosongo ilianza kuzalisha umeme mwaka 2004. Kuanzia 2010 kampuni kubwa za nje zikagundua gesi nyingi katika bahari ya kina kirefu kusini mwa nchi. Mwaka 2014 hisa za kampuni ya Swala ziliingia Soko la Hisa la Dar es Salaam, na kwa mara ya kwanza mwananchi wa kawaida akaweza kuweka akiba yake katika utafutaji wa mafuta.

Zanzibar nayo ilipitisha sheria yake ya utafutaji na uchimbaji wa mafuta na gesi mwaka 2016. Mwaka 2017 ulifanyika upimaji wa mitetemo baharini. Oktoba 2018 Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ilitia saini mkataba wa mgawanyo wa uzalishaji na kampuni ya RAK Gas ya Ras Al Khaimah kwa kitalu cha Pemba na Zanzibar. Machi 2024 vitalu vingine 8 vya baharini vilitangazwa kwa wawekezaji. Mipango ya bandari mpya ya Mangapwani, kaskazini mwa mji, nayo imetaja huduma za mafuta na gesi.

Upimaji wa mitetemo hautumii mionzi. Kisima hutumia. Siku mtambo wa kuchimba utakapoanza kuteremsha vyuma chini ya bahari ya Zanzibar, kuna uwezekano mkubwa kwamba kasha zito lenye alama ya mionzi litapita katika bandari yetu.

KWA NINI KISIMA KIHITAJI NYUTRONI

Mwekezaji anaponunua hisa za kampuni ya gesi, kwa hakika ananunua tarakimu chache: mwamba una unene gani, una matundu kiasi gani, na matundu hayo yamejaa nini. Tarakimu hizo hupatikana kwa kuteremsha vipimo ndani ya kisima kwa waya, au kwa kuviweka karibu na keekee yenyewe wakati wa kuchimba.

Kimoja cha vipimo hivyo ni cha nyutroni. Ni njia ya siku nyingi. Mwaka 1941 mwanafizikia Mtaliano Bruno Pontecorvo aliifanyia kazi katika visima vya mafuta kule Oklahoma, Marekani. Ndani ya kipimo huwekwa kidonge cha chuma kilichochanganywa amerishiamu na beriliamu. Amerishiamu hutoa chembe za alfa, chembe hizo hupiga beriliamu, na beriliamu hurusha nyutroni.

Nyutroni hupita katika chuma na jiwe bila shida kubwa. Kinachozipunguza kasi ni hidrojeni, na hidrojeni imo kwa wingi katika maji na mafuta. Gesi inayo kwa uchache zaidi kwa ujazo ule ule. Hivyo mhesabu wa nyutroni aliyeko juu kidogo ya kidonge hupata idadi kubwa pale penye gesi na ndogo pale penye maji. Matokeo hayo yakiwekwa pamoja na kipimo cha uzito wa mwamba, mtaalamu huweza kusema: hapa pana gesi, kuanzia mita hii hadi mita ile.

Kwa maneno mengine, habari inayopandisha au kushusha bei ya hisa inatokana na kidonge hicho. Mwenye mtaji anakihitaji. Swali ni juu ya mtu anayekibeba kutoka kasha lake hadi kwenye kipimo.

MTU ALIYE KARIBU NA KIDONGE

Kidonge cha kazi ya visima huwa na nguvu ya kyuri 10 hadi 20. Kidonge cha kyuri 20 hutoa nyutroni zaidi ya milioni 40 kwa kila sekunde, pande zote. Hakina swichi. Nusu-uhai wa amerishiamu ni miaka 432, kwa hiyo kidonge kilichotengenezwa leo bado kitakuwa na nguvu zaidi ya nusu wakati wajukuu wa vitukuu vyetu watakapokuwa wamezeeka.

Hesabu za kawaida za fani hii zinaonyesha kwamba mtu aliyesimama mita 1 kutoka kidonge cha namna hiyo kikiwa wazi hupokea kiasi cha nusu milisivati kwa saa kutokana na nyutroni. Milisivati ndiyo sarafu ya biashara hii, kama shilingi ilivyo ya soko la Darajani. Kiwango cha juu kwa mtu wa kawaida asiyefanya kazi ya mionzi ni milisivati 1 kwa mwaka mzima. Kwa mfanyakazi wa mionzi ni wastani wa milisivati 20 kwa mwaka katika kipindi cha miaka 5, bila kuvuka 50 katika mwaka wowote.

Msomaji afanye hesabu mwenyewe. Saa 2 za kusimama mita 1 kutoka kidonge kilicho wazi zinamaliza fungu la mwaka la raia wa kawaida. Saa 40, yaani wiki moja ya kazi, zinamaliza fungu la mwaka la mfanyakazi. Akisogea hadi nusu mita, kiwango huongezeka mara 4. Akirudi nyuma hadi mita 2, hupungua hadi robo.

Tuseme ukweli wa upande wa pili pia. Kazi ikifanywa kwa utaratibu, dozi ni ndogo. Kidonge hushikwa kwa fimbo ndefu na kuhamishwa kwa dakika chache tu, kisha huteremka kisimani ambako mwamba na maji humkinga kila mtu. Mhandisi anayehamisha kidonge mara 8 katika kisima kimoja, kila mara dakika 5 kwa umbali wa mita 1, atapokea kiasi cha theluthi moja ya milisivati kutokana na uhamishaji huo. Hicho si kiwango cha kumtia mtu khofu.

Hatari ipo kwa asiyejua. Ni kijana aliyeajiriwa kwa siku kufunga kamba, akapumzika kivulini karibu na kasha kwa kuwa hakuna aliyemwambia. Ni dereva aliyelala ndani ya gari lililobeba kasha kutoka ghalani hadi bandarini. Ni mpishi ambaye stoo yake imepakana na stoo ya vidonge. Watu hawa hawamo katika orodha ya wavaa beji, na dozi yao haiandikwi popote.

BEJI IPI INAONA NYUTRONI

Hapa ndipo palipo na kosa ambalo mnunuzi wa huduma anaweza kulifanya bila kujua. Beji inayotumika sana duniani kwa wafanyakazi wa hospitali ina vipande vidogo vya fuwele ya lithiamu floridi. Fuwele hiyo huhifadhi nguvu ya mionzi iliyoipata, na ikipashwa moto maabara hutoa mwanga. Wingi wa mwanga ni wingi wa dozi. Kwa eksirei na gama ni kifaa kizuri.

Kwa nyutroni mambo ni mengine. Beji hiyo inaweza kuziona baadhi na kuzisoma vibaya, au isizione kabisa, kutegemea lithiamu iliyotumika na kasi ya nyutroni zenyewe. Aidha madhara ya nyutroni kwa mwili si sawa na ya gama. Wataalamu huzipa nyutroni uzito wa takriban mara 2 na nusu hadi mara 20 kulingana na nguvu zao. Kwa hiyo ripoti inayosema sifuri kwa mtu aliyeshika kidonge cha amerishiamu na beriliamu inaweza kuwa sifuri ya beji na si sifuri ya mwili.

Njia za kupima nyutroni kwa mtu mmoja mmoja zipo, na mbili ndizo zinazotumika zaidi.

Ya kwanza hutumia fuwele mbili zinazofanana kwa sura. Moja ina lithiamu namba 6, ambayo hukamata nyutroni za polepole, na nyingine ina lithiamu namba 7, ambayo karibu haizioni. Zote mbili huona gama kwa usawa. Maabara hutoa ya pili katika ya kwanza, na kinachobaki ni cha nyutroni. Mwenye duka atasema ni sawa na kupima gunia la karafuu kisha kutoa uzito wa gunia tupu.

Lakini beji hiyo ina sharti moja. Huhesabu hasa nyutroni zilizoingia mwilini, zikapunguzwa kasi na maji ya mwili, kisha zikarudi nje. Kwa sababu hiyo lazima ikae karibu kabisa na mwili, mara nyingi kwa mkanda. Ikining'inia mbele ya shati, kipimo hupungua. Katika joto letu la Kaskazi, mfanyakazi akivua ovaroli na kuitundika msumarini pamoja na beji yake, kitakachosomwa ni dozi ya msumari.

Ya pili hutumia kipande cha plastiki ngumu ya aina inayotumika kutengenezea lenzi za miwani. Nyutroni za kasi zinapogonga hidrojeni iliyomo katika plastiki, huacha mikwaruzo isiyoonekana kwa macho. Maabara huichovya plastiki katika magadi makali, mikwaruzo ikapanuka kuwa vishimo, na vishimo vikahesabiwa kwa hadubini. Plastiki haishughuliki na gama, wala kumbukumbu yake haifutiki kwa urahisi. Udhaifu wake ni kwamba nyutroni za polepole haizioni vyema, na dozi ndogo sana humpita. Kwa kuwa nyutroni nyingi za kidonge cha visima ni za kasi, inafaa kwa kazi hiyo.

Pamoja na beji, kila timu huhitaji kifaa cha mkononi cha kupimia nyutroni papo hapo. Beji hueleza yaliyopita. Kifaa cha mkononi humwambia mtu aondoke sasa.

Kuhusu gharama, beji ya nyutroni ni ghali kuliko ya kawaida, lakini katika masoko ya nje bei ya beji na kuisoma huhesabiwa kwa makumi ya dola kwa kila kipindi. Mtambo wa kuchimba katika bahari ya kina kirefu hukodishwa kwa mamia ya maelfu ya dola kwa siku moja. Asemaye kwamba beji za vibarua zitaongeza gharama za mradi hajaweka tarakimu hizo mbili pamoja.

SI VISIMA PEKEE

Msomaji asidhani kwamba jambo hili lazima lingoje gesi. Wajenzi wa barabara na wa misingi ya majengo makubwa duniani kote hutumia kifaa cha kupima ugumu na unyevu wa ardhi, ambacho ndani yake mna vidonge viwili: kimoja cha siziamu na kingine kidogo cha amerishiamu na beriliamu chenye elfu 40 za milioni ya kyuri. Kidonge hicho ni kidogo mara mamia kuliko cha visima. Kwa mita 1 hutoa kiasi cha elfu moja ya milisivati kwa saa. Hata hivyo fundi hukibeba kila siku, hukiweka nyuma ya kiti cha gari, na wengine hulala nacho kambini. Saa nyingi za dozi ndogo nazo ni hesabu.

Katika tiba ya saratani, mashine za nguvu inayozidi megavolti 10 hutoa nyutroni kidogo katika chumba chake. Zanzibar ikipata tiba ya namna hiyo hapa hapa, jambo hilo litaingia katika ramani ya jengo tangu mwanzo.

Na wapo wafanyakazi ambao tayari huleta dozi zao za nyutroni kila siku Uwanja wa Ndege wa Abeid Amani Karume: marubani na wahudumu wa ndege kubwa za watalii. Angani, kilomita 10 juu, sehemu kubwa ya dozi inayotokana na mionzi ya anga ni nyutroni. Nchi za Ulaya zilikubaliana mwaka 1996 kwamba dozi za wafanyakazi hao zikadiriwe pale zinapoweza kuvuka milisivati 1 kwa mwaka. Wao hawavai beji. Safari zao huingizwa katika kompyuta. Ndege ndogo za Pemba na Dar es Salaam huruka chini, na karibu na ikweta sumaku ya dunia hutukinga, hivyo marubani wake hawana la kuhofia.

FUNZO LA CHUMA CHAKAVU

Wanunuzi wa chuma chakavu nao wasikilize. Desemba 2002 kidonge cha amerishiamu na beriliamu cha kampuni ya huduma za visima kilipotea njiani katika eneo la mafuta la Nigeria, likiwa ni tukio la wizi. Kilitafutwa kwa miezi. Mwaka 2003 kikapatikana Ujerumani, ndani ya shehena ya vyuma chakavu vilivyotoka Nigeria.

Kidonge kile kilivuka bahari kama bidhaa ya kawaida. Waliokipakia na waliokaa karibu nacho hawakuwa na beji. Katika visiwa ambavyo chuma chakavu hukusanywa kwa mikokoteni na kusafirishwa kwa makontena, funzo lake si dogo. Kitu kizito, kidogo, chenye alama ya feni ya pembe tatu, hakinunuliwi kwa kilo. Mtu hurudi nyuma na kuwaita wanaohusika.

Kwa mwekezaji lipo funzo jingine. Kidonge kikikwama chini ya kisima na kushindikana kuvuliwa, desturi ya kimataifa ni kukizika humo kwa saruji yenye rangi na kuweka kibao cha onyo juu ya kisima. Siku za mtambo zinazotumika katika uvuvi huo hulipwa na mradi, na katika mkataba wa mgawanyo wa uzalishaji gharama zinazokubaliwa hutolewa kabla ya faida kugawanywa. Uzembe wa kazi ya mionzi una njia yake ya kufika katika gawio.

DAFTARI NI LA NANI

Tumefika kwenye kiini cha habari hii. Kisima cha utafutaji huchimbwa kwa miezi michache. Kampuni ya vipimo huja na wataalamu wake, beji zake na maabara yake ya nje. Kazi ikiisha huondoka na vyote, pamoja na matokeo ya beji.

Kijana wa Mangapwani au Nungwi aliyefanya kazi naye hubaki. Ugonjwa unaoweza kuhusishwa na mionzi hauji kesho. Saratani huweza kuchukua miaka 10, 20 au zaidi. Siku atakapokwenda kudai fidia, au daktari atakapomuuliza alipata kiasi gani, jibu litakuwa katika karatasi iliyoko nchi nyingine, katika kampuni ambayo huenda imeshauzwa mara mbili na kubadili jina.

Ndiyo maana kanuni za Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, ambalo Tanzania ni mwanachama tangu 1976, zinataka kumbukumbu za dozi za mfanyakazi zitunzwe angalau mpaka afikie umri wa miaka 75, na si chini ya miaka 30 baada ya kuacha kazi hiyo. Zinataka pia mfanyakazi mwenyewe aweze kuziona.

Miezi michache ya kisima, miaka 30 ya daftari. Hakuna kampuni ya muda inayoweza kuaminiwa peke yake na daftari la namna hiyo. Pahala pake ni taasisi ya kudumu, na taasisi hiyo ipo. Tanzania ilikuwa na Tume ya Taifa ya Mionzi kwa sheria ya mwaka 1983, na sheria ya mwaka 2003 ikaleta TAEC kuchukua nafasi yake. Zanzibar ina sheria yake ya usalama na afya kazini, namba 8 ya mwaka 2005. Kinachotakiwa ni kifungu katika mkataba kinachosema kwamba nakala ya kila kipimo cha kila mtu, mgeni na mwenyeji, inabaki hapa.

Faida yake haimwendei mfanyakazi peke yake. Mwajiri mwenye kumbukumbu safi huweza kujitetea dhidi ya dai lisilo la haki. Kampuni ya bima hupata kitu cha kukadiria. Mkandarasi mwenyeji anayeonyesha beji na daftari huweza kuomba kazi ya pili na ya tatu, hata nje ya nchi. Vijana waliosoma SUZA au Taasisi ya Karume pale Mbweni wanaweza kufunzwa usimamizi wa kinga ya mionzi, kazi ambayo kila timu inayoshika vidonge huihitaji.

MASWALI YA KUULIZA KABLA YA KUTIA SAINI

Kwa mwenye ghala, gari, chombo au wafanyakazi wa kukodisha, ukurasa huu unashauri maswali yafuatayo yaulizwe kwa maandishi:

1. Je, shehena au kazi hii inahusu chanzo cha nyutroni? Kina kyuri ngapi, na leseni yake ya TAEC iko wapi?

2. Watu wangu watavaa beji ya aina gani? Inaona nyutroni, au ni ya gama pekee? Inavaliwa wapi mwilini?

3. Nani analipa? Beji ni chombo cha kazi kama kofia ngumu, na mfanyakazi asikatwe mshahara kwa ajili yake.

4. Matokeo yatakuja baada ya muda gani, yatasomwa kwa nani, na nakala itabaki na nani Zanzibar?

5. Kibarua wa siku moja yumo katika utaratibu? Kama hatavaa beji, ni umbali gani hatauvuka, na mstari huo umechorwa wapi?

6. Mama mjamzito akitoa taarifa, atahamishiwa kazi gani? Kanuni zinataka mtoto aliye tumboni asipate zaidi ya milisivati 1 hadi kuzaliwa.

7. Chanzo kikipotea au kukwama, gharama ni za nani?

Mwekezaji mdogo mwenye hisa naye ana swali lake katika mkutano wa mwaka: ripoti ya usalama ina safu ya dozi za wafanyakazi, na ndani yake mna safu ya nyutroni? Pakiwa na gama pekee katika kampuni inayochimba visima, aulize kwa nini.

Waswahili husema mali bila daftari hupotea bila khabari. Wafanyabiashara wa mji huu waliutumia msemo huo kwa karafuu, kwa pembe na kwa nguo za madukani. Katika biashara inayokuja, mali ya kwanza ya kuandikwa ni mwili wa mfanyakazi.